Mmeandika ndege, mmesahau yadi

Ndugu Mhariri,

Asalaam alaykum na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na naomba msinikatekate sana maana najua mna tabia hiyo.

Ile makala ya vita ya Jumapili, ya ndege nyepesi za mabomu za Wamarekani zilizokuwa zinapiga yadi za treni za Mjerumani kule Ufaransa mwaka 1944, imesomwa sana hapa Ngamiani, Tanga. Gazeti moja limezunguka baraza zima, vijana wamebishana ndege ipi ilikuwa na kasi kuliko ipi mpaka kahawa ikapoa, na aliyeandika mi nampa hongera yake, kajitahidi. Ila mi ni mtu wa reli. Nimeanza kibarua wa karakana enzi za injini za moshi, Jumuiya ya zamani haijavunjika, nikaja kuwa fundi mpaka nastaafu, kwa hiyo naisoma makala nzima nangoja wafike kwenye yadi, nangoja, nangoja, halafu yadi yenyewe ikapewa mstari mmoja tu eti "reli zikateketea". Reli haziteketei bwana. Chuma cha reli hakiungui kama makuti. Na kama mtu hajui nini kilikuwa pale chini basi hawezi kujua zile ndege zilikuwa zinafuata nini, atabaki anahesabu nishani za marubani tu.

Nianze na haki yao. Hao vijana wa angani walikuwa na kazi ngumu kwelikweli na wala siipunguzi. Makundi mepesi ya Jeshi la Anga la Tisa la Wamarekani yaliyotumia ndege ya A-20 yalikuwa matatu, la 409, la 410 na la 416, yote yameweka kambi Essex upande wa mashariki wa Uingereza, na hilo la 416 lilifika pale mwanzoni mwa 1944 likakaa Wethersfield, Septemba likahamia Melun Ufaransa penyewe, na Novemba likabadilishiwa ndege likapewa A-26. Hiyo A-20 ni ya injini mbili na rubani mmoja tu, hakuna wa pili pembeni yake. Wapiga bunduki wako nyuma, na hawana njia ya kupita kuja mbele, maana yake rubani akipatwa na chuma huko juu walio nyuma hawana la kufanya isipokuwa kuruka na parashuti kama nafasi ipo. Mi hapo nilisimama kusoma kwanza. Hata kwenye injini ya treni tulikuwa wawili.

Na namna ya kupiga kwenyewe vijana wengi hawakuielewa kwenye makala kwa hiyo naieleza hapa. Zinaruka ndege kama 36, zinagawanywa mafungu mawili ya 18, na ndani ya fungu zinakwenda sitasita. Nyingi pua zao zimezibwa, mle ndani zina bunduki sita nzito na hazina mtu wa kulenga bomu. Ya mbele ndo yenye pua ya kioo na mlengaji amelala mle na kifaa chake cha kupimia, na nyingine zote nyuma zinamwangalia huyo tu, akiachia na wao wanaachia, kama maamuma na imamu, akirukuu wanarukuu. Kwa hiyo akikosea mmoja wamekosea wote. Na ili asikosee inabidi ndege zote ziende moja kwa moja bila kukata kona, kimo kilekile, futi elfu kumi mpaka kumi na mbili hivi, mwendo uleule, na huko chini Mjerumani ana mizinga ya milimita 88 na yeye anapiga hesabu zake, kitu kinachokwenda kimenyooka namna hiyo ndo rahisi kukikadiria. Halafu mzigo wenyewe si mkubwa, pauni 2,000 hivi kwa ndege, ni kama kilo 900, mabomu ya pauni 500 au ya 250. Zile kubwa za injini nne za Waingereza zilizokuwa zinakwenda usiku zilibeba mara kadhaa ya hapo.

Sasa hapo ndo penye swali ambalo makala haikuuliza kabisa. Kama mzigo wako ni mdogo hivo, unaipigaje reli ikae imekufa? Mi nawaambia kwa mikono yangu hii, ukilipiga bomu katikati ya njia iliyonyooka, umetoboa shimo. Basi. Genge linakuja na trole, wanafukia shimo kwa udongo na kokoto, wanashindilia, wanalaza mataruma mapya, wanaleta kipande cha reli, wanafunga vibao vya chuma pande mbili na bolti zake, nyapara anachungulia usawa kwa jicho moja, treni inapita taratibu jamaa wamesimama pembeni wanaangalia kama inazama. Kazi ya siku moja, ikizidi mbili. Mvua za masika zimetukatia njia huku Korogwe na Mombo mara ngapi, si tulikuwa tunafunga na treni inapita? Na Mjerumani mwaka 44 alikuwa na vibarua wa kutosha wa kuwalazimisha.

Yadi ni habari nyingine. Twende pole pole.

Treni haizaliwi imepangwa. Mabehewa yanakuja yamechanganyika, haya ya Lille, haya ya Amiens, haya ya makaa, haya ya mizinga, na yadi ndo mahali pa kuyachambua, yanavutwa, yanasukumwa, yanaachiwa yatiririke kila moja kwenye njia yake, mpaka treni inasimama imekamilika na gadi wake nyuma. Ili hilo liwezekane unahitaji pointi, pale njia moja inapogawanyika mbili. Pointi si kipande cha reli tu. Ile ncha inayohama imechongwa inakwenda inakonda mpaka kuwa kama ubapa wa kisu, na pale reli mbili zinapokatana pana chuma kizito kilichosubuliwa kwa pembe yake maalum, cha pembe hii hakikai kwenye pembe ile. Ukivunja hicho huwezi kwenda kuomba kipande stesheni ya jirani. Kinaagizwa, kinatengenezwa, kinasafirishwa, na kinasafirishwa kwa nini? Kwa treni hiyohiyo ambayo haipiti. Kwenye mdomo wa yadi, pale njia zote zinapokutana kabla hazijatawanyika, pointi zimejaa futi chache chache, bomu moja la pauni 500 likiangukia pale limefanya kazi ambayo kumi ya kwenye njia iliyonyooka hayafanyi.

Halafu kuna shedi ya injini. Vijana wa siku hizi wanaona dizeli, unatia mafuta unaondoka. Injini ya moshi haikuwa hivo, ilikuwa inataka kuhudumiwa kila siku ya Mungu. Asubuhi na mapema unasafisha majivu, unapakia makaa, unajaza maji, unapaka mafuta kila kiungo, na kila baada ya muda fulani lazima bwela, lile pipa la chuma la kuchemshia maji, lioshwe la sivyo chumvi ya maji inaganda ndani kwenye mabomba na hapo umeiua. Inahitaji tanki la maji lililo juu na bomba nene, inahitaji shimo la kuingia chini yake, inahitaji ile sahani kubwa ya kuigeuzia. Mi nimelala chini ya injini kwenye shimo hilo maji ya moto yananidondokea shingoni, naijua. Sahani ikipigwa injini zilizo ndani ya shedi zimefungiwa mle, hazitoki. Tanki likipigwa hata iliyo nzima haina safari. Na injini iliyoko kilomita mia mbili mbali, haijaguswa na bomu wala nini, siku ya tatu na yenyewe inasimama kwa sababu pa kuhudumiwa hapapo tena.

Hiyo ndo hoja iliyobishaniwa na wakubwa wao miezi kadhaa na makala haikuitaja. Mwenye hoja alikuwa profesa Solly Zuckerman, na huyu bwana hata mwanajeshi hakuwa, ni mtaalamu wa wanyama, kazaliwa Cape Town mwaka 1904, kazi iliyompa jina la kwanza ni kuchunguza nyani na sokwe. Mtu wa nyani, ndo aliyekuja kuwaambia majenerali wapige wapi. Alishakwenda Sicilia baada ya kutekwa akapima mabomu yaliharibu nini na nini kilipona, akaona mfumo wa reli unakufa ukiuwa karakana na shedi na yadi zake. Akamshawishi Tedder, msaidizi wa Eisenhower aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya Washirika kule. Harris, mkuu wa ndege za mabomu za Waingereza, hakutaka, yeye alitaka miji ya Ujerumani. Spaatz, mkuu wa zile za Wamarekani, naye hakutaka, alitaka viwanda vya mafuta. Wakabishana mpaka Eisenhower akaamua tarehe 25 Machi 1944 kwamba ni reli, na vituo vya reli karibu 80 vya Ufaransa na Ubelgiji vikawekwa kwenye orodha.

Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, roho haikutulia. Hakuwa anawaonea huruma Wajerumani, alikuwa anawaza Wafaransa, watu ambao ndo wanakwenda kukombolewa halafu unaanza kwa kuwaua. Akamwandikia Roosevelt, rais wa Marekani, mwezi Mei, Roosevelt akamjibu kwamba hawezi kuwawekea makamanda mipaka kutoka mbali. Ikaendelea.

Na hapa Mhariri ndo nakuja kwenye kinachoniuma zaidi kwenye ile makala. Imeandika "hasara kwa adui". Adui gani? Yadi ile Mjerumani kaiteka, lakini anayevuta pointi ni Mfaransa, aliye kwenye kibanda cha ishara ni Mfaransa, fundi wa bwela ni Mfaransa, na wote wanalala wapi? Mtu yeyote aliyekaa kota za reli atakujibu bila kufikiri. Wanalala palepale. Popote duniani shirika la reli linawajengea watu wake ukutani kwa yadi ili king'ora kikilia saa nane usiku mtu awe kazini baada ya robo saa. Mi watoto wangu wamekulia kwenye sauti ya mabehewa yakigongana, walikuwa wanaamka yakinyamaza.

Karibu na Lille kuna sehemu inaitwa Lomme, miaka ya 1920 kampuni ya reli ya kaskazini ilijenga pale mji mzima wa wafanyakazi wa reli, nyumba na bustani zake, ubavuni mwa yadi kubwa ya Délivrance. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Aprili 1944 ndege kubwa za Waingereza zikaja kupiga ile yadi. Mabehewa mengi yaliharibika, ripoti za kijeshi ziliridhika. Mji ule wa nyumba za reli nao ukasagika, wakafa watu zaidi ya 450. Siku tisa baadaye ikawa zamu ya Noisy-le-Sec nje ya Paris, vilevile zaidi ya 450. Hizo ni za ndege kubwa za usiku, sisemi ni lile kundi lenu la ndege nyepesi, wale walipiga mchana na mara nyingi wakaona wanachopiga, na kwa haki hiyo ni tofauti kubwa na ndo sababu moja ya kuzitumia. Lakini hata mchana, mlengaji mmoja akikosea sekunde moja fungu zima la ndege 18 linakosea pamoja naye, nimeshaeleza hapo juu, na ng'ambo ya ukuta wa yadi kuna kota.

Sasa je ilisaidia? Mi jibu langu ni kwamba ilisaidia lakini si peke yake, na hapa nabishana na mwandishi wenu moja kwa moja. Mpaka mwanzo wa Juni, askari wa Washirika wanaposhuka pwani ya Normandy, mwendo wa treni Ufaransa ulikuwa umeshuka chini ya nusu ya ule wa mwanzo wa mwaka. Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna madaraja pia. Tarehe 7 Mei ndege za P-47, za injini moja na mtu mmoja, ziliangusha daraja la Vernon kwenye mto Seine, wakubwa wakashtuka kwamba kumbe inawezekana kwa mabomu machache vile, na kufika Juni madaraja ya Seine kutoka Paris kushuka mpaka baharini yalikuwa majini. Daraja halifukiwi na kokoto. Baada ya vita wapo waliosema madaraja yalifanya zaidi kuliko yadi, na mi kama fundi wa njia sioni pa kuwapinga sana.

Na kuna mikono mingine, hii ndo ninayoipenda mimi. Watu wa reli wa Kifaransa wenyewe. Walikuwa na mpango wao wa siri wa kukata njia, unaitwa Mpango wa Kijani, wakafungua bolti, wakapeleka mabehewa yasikotakiwa, karatasi zikapotea. Kule Montauban kusini kulikuwa na divisheni ya vifaru ya SS, lile jeshi la chama cha Hitler, inaitwa Das Reich, na vifaru havisafiri mbali kwa barabara, vinakula minyororo yake na vinaharibika, vinapakiwa kwenye mabehewa bapa. Basi jamaa wakaenda usiku kwenye yale mabehewa wakafungua masanduku ya ekseli, wakachuruzisha oili yote, wakatia grisi yenye unga wa kusagia chuma. Kwa nje huoni kitu. Behewa linasimama pale limetulia kabisa. Litembee sasa! Ekseli inachemka, inatoa moshi, inakata, na treni nzima imekwama katikati ya njia na hakuna wa nyuma anayepita. Mimi nimezima moto wa ekseli iliyokauka kwa mchanga njia ya Muheza, moja tu, mchana, hakuna vita, na ilitutoa jasho. Wale Wajerumani ikabidi sehemu kubwa waende kwa barabara, safari ya siku chache ikachukua zaidi ya wiki mbili, njiani wakafanya unyama mkubwa kwa raia ambao sitaki kuuandika hapa. Walipofika Normandy walishachelewa. Hakuna bomu hapo. Ni watu wanaojua sanduku la ekseli linafunguliwa wapi.

Sasa mtauliza mzee wa Tanga yamemkuta nini na Ufaransa. Yamenikuta kwa sababu hata historia yetu wenyewe mnaiandika hivohivo. Kila mwezi wa kumi na moja ukikaribia magazeti yote yanaandika vita vya Tanga vya 1914, na kila mwaka habari ni nyuki. Nyuki waliwauma Waingereza, nyuki waliwakimbiza askari wao wa Kihindi. Watalii wakija wanaambiwa nyuki. Sawa, nyuki walikuwepo, waliuma pande zote mbili na wala sikatai. Lakini nyuki hawakuwatoa askari Moshi kuwaleta Tanga.

Angalieni tarehe. Novemba 2, meli ya kivita Fox inaingia, kapteni wake anataka mji ujisalimishe, anatoa muda, mkuu wa wilaya wa Kijerumani anazungusha maneno. Nje baharini kuna meli zimebeba watu kama 8,000 chini ya Jenerali Aitken. Mjini hakuna jeshi la maana. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yuko Moshi, kilomita kama 350. Kwa miguu hiyo ni safari ya wiki kadhaa na ukifika umechoka mahututi. Lakini njia ya reli, iliyoanza kujengwa hapahapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika nchi hii, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, ilikuwa imeshafika Moshi tangu 1911. Simu ikapigwa, askari wakapakiwa mabehewani, treni baada ya treni zikateremka, treni ndogo tu za njia nyembamba, kundi la kwanza likafika alfajiri ya tarehe 3 likaingia vitani moja kwa moja, wengine wakafuata, na Lettow-Vorbeck mwenyewe akashukia nje kidogo ya mji, usiku akapanda baiskeli akauzunguka mji kuangalia. Tarehe 4 Waingereza wanaanza kusonga kutoka Ras Kasone wanawakuta watu kama elfu moja wameshajipanga, sehemu wamejilaza kwenye mtaro wa reli. Tarehe 5 Waingereza wanarudi melini, wanaacha bunduki mamia, bombomu, na risasi 600,000.

Sasa fikiri stesheni masta wa Korogwe usiku ule. Njia ni moja. Treni zinateremka zimejaa watu, na nyingine tupu lazima zipande kwenda kuchukua wengine, zitapishana wapi? Nani atangoje nani, Mombo au Buiko? Kuni zipo? Maji yapo? Akikosea mmoja tu zinakutana uso kwa uso na vita vya Tanga vimeishia pale. Hawakukosea. Majina ya maofisa yameandikwa vitabuni, makaburi yao yapo hapa tunayapita kila siku, lakini waliokuwa wanatia kuni na kuvuta pointi usiku ule, ambao wengi wao walikuwa wazee wetu wa Kibondei na Kizigua na Kisambaa, nani kawaandika?

Na Waingereza wenyewe walielewa somo, wakaanza kuvuta reli yao ya vita kutoka Voi kwenda Taveta. Mwaka 1915 wote wawili walikuwa wanapigana vita vya reli: Mjerumani anatuma vikundi vidogo vya askari kwa miguu, wanavuka pori kavu lile la Tsavo na maji ya kubeba mgongoni, wanakwenda kutega baruti chini ya reli ya Uganda. Ndege ya mabomu hana. Ana miguu ya watu. Kazi ni ileile ambayo miaka thelathini baadaye ilipewa injini mbili na mabawa, na wale askari nao hawakuwa na rubani wa pili. 1916 mambo yalipogeuka, Mjerumani anarudi nyuma anavunja mwenyewe madaraja na kung'oa njia yake, Waingereza wakaingia Tanga Julai 7. Palikuwa na kijireli cha matrole ya kusukuma kwa mikono kutoka Mombo kwenda Handeni, mizigo ilipita huko. Nani kasukuma? Hilo nalo halijaandikwa.

Vita vya pili hatukupigwa bomu hapa, alhamdulillah. Ila yadi ya Tanga ilikuwa vitani vilevile, maana Mjapani alipoteka Ufilipino na Java 1942 kamba za meli zikakosa malighafi, ikabaki katani ya huku, watu wakachukuliwa kwa lazima kwenda kukata mkonge, na kila robota ilipita kwenye reli hii hadi bandarini. Marehemu baba yangu alikuwa akisema behewa la mkonge lilipewa njia kabla ya la abiria. Kama adui angekuwa na zile A-20 na uwanja wa karibu, mnajua angelenga wapi na mnajua kota ziko wapi.

Kwa hiyo ombi langu. Mkiendelea na zile makala, na naomba muendelee maana bado kuna mengi, Desemba 1944 kwa mfano kundi la 410 lilipiga njia za usafiri za Mjerumani siku tatu mfululizo kwenye ile vita ya Ardennes mpaka likatunukiwa, na Februari 22, 1945 kulikuwa na operesheni Clarion ambapo maelfu ya ndege zilitawanyika siku moja kupiga stesheni ndogondogo Ujerumani nzima, hiyo ni makala peke yake, basi mkiendelea tafuteni na ramani ya yadi, wekeni pichani, shedi iko wapi, mdomo wa yadi uko wapi, nyumba za watu ziko wapi. Msomaji aone mwenyewe bomu lilitakiwa liangukie wapi na likaangukia wapi.

Na Novemba hii nyuki wapumzishwe. Mtumeni mwandishi kijana huku Tanga. Treni za mizigo za Moshi zimerudi tangu 2019 na za Arusha zikafuata, kwa hiyo njia ataiona inafanya kazi, si gofu. Mi nitamtembeza yadi, nitamwonyesha pointi ambayo chuma chake kina tarehe ya zamani kuliko baba yake, halafu tutakwenda Muheza na Korogwe kwa wazee waliobaki, ambao baba zao na babu zao walikuwa reli, wamekaa na habari kichwani na hawaulizwi. Si wengi tena kwa hiyo asiniambie mwakani. Nauli ajilipie, chakula juu yangu. Avae viatu vizito maana zile ndala mnazovaa huko mjini kokoto itazimaliza kabla hatujafika shedi.

Wasalaam,

Fundi mstaafu wa reli,
Ngamiani, Tanga